Jinsi ya kupunguza sumu zinazowapata watoto nyumbani, kwa sisi tuliopanga chumba kimoja

Ushauri mwingi wa sumu na watoto umeandikwa kwa mtu mwenye nyumba yake. Anaambiwa abadili mabomba, anunue mashine ya kuchuja maji, ahame karibu na barabara kubwa. Sasa mtu kapanga chumba kimoja Manzese au Changamwe, choo wanachangia kaya sita, anahamia wapi? Huu mwongozo ni wa huyo, na pia wa nyie wahudumu wa afya ngazi ya jamii mnaopita nyumba kwa nyumba, maana mkifika kwa mtu mkaanza kumtajia vitu vya laki mbili hatawafungulia mlango tena.

Nimeanza na zile zinazoua kwa dakika au masaa, ndo nikaja kwenye zile zinazokula mwili polepole. Hakuna maana uhangaike na vumbi lenye madini ya risasi wakati mafuta ya taa yako kwenye chupa ya soda chini ya meza. Na karibu kila kitu hapa ni cha bure au kinataka sabuni, ndoo na tambara.

Hatua ya 1: Chupa, na uifanye leo leo

Zunguka chumba chako ukusanye kila chupa yenye kitu kisicholiwa: mafuta ya taa, petroli ya bodaboda, tina ya rangi, Jik, asidi ya choo, sumu ya panya, kostiki soda kama unatengeneza sabuni ya maji ya kuuza. Hivi vitu tunanunua vya kupima kwahiyo vinaishia kwenye chupa za maji na za juisi, na mtoto wa miaka miwili hajui kusoma ila chupa ya juisi anaijua vizuri sana.

Weka vyote kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko au kwenye kiroba, alafu tundika kwenye msumari juu, kwenye kenchi, mahali ambapo hata akipanda stuli hafiki. Chini ya kitanda sio mahali pa kuficha kitu, chini ya kitanda ndo kwao.

Akinywa mafuta ya taa au petroli USIMTAPISHE. Usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula, wala maji ya chumvi. Najua bibi atasema maziwa, mheshimu bibi ila usimpe. Ubaya mkubwa wa mafuta ya taa uko kwenye mapafu, na akitapika ndo yanapata njia ya kuingia huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, beba na ile chupa uende hospitali hata kama anacheka, kwasababu kukohoa na kuhema haraka kunaweza kuja baada ya masaa kadhaa. Kostiki nayo hivyo hivyo hakuna kutapisha, imemuunguza koo ikishuka na itamuunguza tena ikipanda, msuuze mdomo kwa maji mkimbie hospitali.

Alafu Jik na asidi ya choo usizichanganye kabisa eti choo kitakate zaidi. Inatoka hewa ya klorini inayokaba, na vyoo vyetu dirisha lenyewe tofali moja.

Hatua ya 2: Jiko

Kuna vitu viwili hapa watu wanavichanganya. Cha kwanza ni ile hewa ya mkaa inayoua usingizini. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, ndo hapo mtu anadhani umekuwa salama anaingiza jiko ndani kuota moto, hasa mwezi wa sita na wa saba kule Mbeya, Njombe, Makete, au Limuru kwa wenzetu. Ile hewa haina harufu wala rangi. Mkiona watu wawili watatu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa, wanatapika na kulegea kwa wakati mmoja, sio malaria ya ghafla, tokeni nje wote kwanza ndo muende hospitali. Jiko la mkaa halilali ndani, liwe limewaka au limebaki majivu yenye moto. Baridi mtavaa masweta.

Cha pili ni moshi wa kila siku. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 ni watoto wa chini ya miaka 5. Serikali ya Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya watu wawe wanatumia. Sawa, lakini wewe unapika leo mchana, kwahiyo:

Pikia nje, au koridoni mlango wa nyuma ukiwa wazi. Mtoto mgongoni ndo anayekula moshi wote kwasababu pua yake iko palepale unapoinamia, muachie mwenzio au muweke kwenye mkeka upande upepo unakotokea. Kuni ziwe kavu. Maharage na mahindi ya makande loweka toka usiku, yataiva mapema na mkaa utaokoa. Kama una mtungi mdogo wa gesi ila kujaza ni shida, usiufanye pambo, tumia kwa vitu vya dakika kumi kama chai, mayai na kupasha kiporo, alafu vya masaa matatu peleka nje kwenye mkaa. Kuchanganya hivi sio aibu.

Na jamani tuache kuwashia mkaa kwa chupa za plastiki, vipande vya ndala na mpira wa tairi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 2017 na Tanzania 2019 lakini ukipita asubuhi saa kumi na mbili uswahilini utaisikia harufu. Ule moshi mweusi una sumu nyingi kuliko wa kuni, na mara nyingi anayetumwa kupuliza jiko ni mtoto. Tumia maganda ya nazi, gunzi, karatasi isiyo ya rangi rangi, kijiti chenye mafuta ya taa kidogo kama huna kingine. Hapo hapo niongeze: kufunika wali kwa mfuko wa nailoni ili uive na mvuke, na kununua supu ya moto kwenye kimfuko, vyote viache, beba hotpoti au kibakuli chako. Muuzaji atakununia siku ya kwanza tu.

Zile dawa za mbu za kuchoma, za mzunguko, nazo ni moshi ndani ya chumba kilichofungwa. Chandarua chenye dawa wajawazito na watoto wadogo wanapewa kliniki, kiulizie.

Hatua ya 3: Dawa za wadudu

Yule machinga anayepita na spika "dawa ya kunguni, mende, panya" anauza kitu ambacho hata yeye hakijui. Mara nyingi ni dawa ya shamba iliyopimwa kwenye kichupa bila lebo. Ukipulizia godoro analolalia mtoto, atalala nayo wiki nzima. Usinunue dawa isiyo na lebo, na yenye lebo iwe imesajiliwa na mamlaka ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya. Kunguni anza na maji ya moto yanayochemka kwenye chaga na viungo vya kitanda, anika godoro juani, ziba nyufa za ukuta kwa sabuni ya kipande kama huna saruji. Itabidi urudie, kunguni hawaondoki siku moja, lakini dawa yenyewe nayo haiwaondoi siku moja. Panya, mtego. Chawa wa kichwani ni kunyoa au kichana chembamba, usipake dawa ya mifugo wala ya mimea kwenye kichwa cha mtoto, hilo linafanyika na linapeleka watoto wodini.

Kwa mnaolima bustani: bomba la kupulizia lisilale ndani, na dumu la dawa likiisha litoboe, usilifanye la maji. Haliishi sumu hata ulioshe na nini.

Kitu kimoja nitakirudia popote nitakapopata nafasi, vile vidonge vya kufukizia mahindi. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inapita kwenye gunia, inapita chini ya mlango, inaua familia nzima imelala. Usiviweke kabisa kwenye magunia yaliyo kwenye chumba au nyumba mnayolala. Kama mahindi lazima yakae ndani tumia ile mifuko isiyopitisha hewa kama ya PICS, wadudu wanakufa wenyewe kwa kukosa hewa bila dawa yoyote.

Hatua ya 4: Kazi ya baba, kazi ya mama, na vumbi

Hapa ndo nataka nikae kidogo, kwasababu hatua za juu watu wengi wanazijua nusu nusu, hii hawaijui kabisa.

Madini ya risasi, haya ya kwenye betri za gari, hayana kiwango ambacho WHO inasema ni salama kwa mtoto. Yanaharibu ubongo unaokua na ukishaharibika haurudi. Mtoto mdogo akimeza risasi kiasi kile kile alichomeza mtu mzima, mwili wake unafyonza mara 4 hadi 5 zaidi. Na anameza kwasababu anatambaa, anashika sakafu, anaweka mkono mdomoni, huo ndo utoto, humkatazi.

Jiulize kwenye nyumba yenu na vyumba vya jirani nani anafanya kazi hizi: fundi betri, anayevunja au kuyeyusha betri, mvuvi anayejitengenezea chubwi za mshipi kwa kuyeyusha risasi, muuza chuma chakavu, kijana anayechoma nyaya apate kopa, fundi rangi wa gereji, fundi redio na simu anayechomelea kwa lehemu, mchimbaji mdogo wa dhahabu. Kama yupo, vumbi la kazi linakuja nyumbani kwenye nguo, buti na nywele, alafu mtoto anamkimbilia baba mlangoni. Simwambii mtu aache kazi, watoto watakula nini. Fanyeni hivi:

Viatu vya kazi vinabaki nje. Nguo za kazi zinavuliwa kabla ya kuingia chumbani, zina mfuko wake na ndoo yake, hazifuliwi na nepi. Maji ya kufulia yamwagwe kwenye shimo la maji machafu, sio uwanjani wanapocheza. Baba akirudi anaoga kwanza na kuosha nywele, ndo anabeba mtoto. Mwanzoni ataona mnamnyanyapaa, kwahiyo mama ongea nae mapema na kwa upole, na maji uwe umeshayaweka bafuni. Kama kazini kuna bomba, aoge huko huko, ndo vizuri zaidi.

Kazi yenyewe isifanyiwe nyumbani. Sufuria iliyoyeyushia risasi hairudi jikoni hata isuguliwe mpaka ing'ae. Betri mbovu zisivunjwe uani, ile asidi inabeba risasi na udongo ule utabaki na sumu miaka na miaka. Kwa wachimbaji wa Geita, Chunya, Migori na kwingine, kuchomea dhahabu yenye zebaki kwenye jiko la nyumbani ni kuvutisha familia nzima mvuke usioonekana, unaganda kwenye paa na ukuta na kuendelea kutoka baadae. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndo chanzo kikubwa kuliko vyote duniani cha zebaki inayoingia hewani kutokana na shughuli za watu, sio kitu kidogo. Kuna kifaa cha kunasa ule mvuke wachimbaji wanakiita ritoti, changeni kama kikundi mnunue, na kitumike mbali na makazi.

Sasa vumbi lenyewe, hata kwa nyumba isiyo na fundi. Ufagio mkavu unalirusha juu tu alafu linatua kwenye kikombe. Nyunyiza maji kidogo kwanza, fagia, alafu piga deki kwa tambara bichi na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, vinginevyo unalizungusha vumbi lile lile. Futa dirisha na kingo za mlango, hasa kama mko karibu na barabara au gereji. Mtoto acheze juu ya mkeka na mkeka ukung'utwe nje. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, kucha fupi. Midoli nayo ioshwe.

Rangi ya ukutani ikianza kubanduka, hasa ya mafuta yenye kung'aa, ya njano, nyekundu au kijani ya zamani, usiisugue kwa msasa mkavu. Ilowanishe, ikwangue taratibu ikiwa mbichi, watoto wakiwa kwa jirani, vipande vikusanye kwenye mfuko. Mwenye nyumba akigoma kupaka upya, sogeza kitanda cha mtoto mbali na ukuta huo na uzibe kwa maboksi, ni suluhisho la kimaskini lakini linafanya kazi.

Hatua ya 5: Tunavyojipaka na kupikia

Mkorogo. Sisemi mambo ya urembo, kila mtu na ngozi yake. Nasema baadhi ya krimu za kung'arisha zina zebaki, na mtoto anaipata kwa kubebwa, kwa taulo, shuka na kunyonya. Ukiona kwenye kopo maneno mercury, calomel au mercurous chloride, usitumie. Na zile zinazokorogwa saluni hazina maandishi kabisa, hizo ndo usiguse ukiwa na mtoto mchanga au mimba.

Wanja wa kupaka watoto macho: wanja mwingine wa kusaga ni risasi karibu tupu, na mtoto anajifuta jicho analamba kidole. Acha tu. Udongo wa pemba kwa wajawazito nao umepimwa na kukutwa na risasi na aseniki. Hamu ya udongo mara nyingi inaendana na upungufu wa damu, kwahiyo sema kliniki upimwe damu badala ya kuficha.

Sufuria za kuyeyushwa mtaani kutoka kwenye vyuma chakavu zinaweza kuachia risasi kwenye chakula, zaidi kwenye vitu vikali. Kama una sufuria moja ya chuma cha pua, hiyo iwe ya nyanya, ukwaju na ndimu. Mchuzi usilale kwenye sufuria, hamishia kwenye bakuli.

Hatua ya 6: Chakula

Tumbo tupu linafyonza risasi zaidi, na mwili uliokosa madini ya chuma na kalsiamu nao hivyo hivyo. Kwahiyo uji wa asubuhi kabla ya kwenda kucheza ni kinga pia. Dagaa wanaliwa na mifupa yao, kalsiamu hiyo ya bei rahisi, maharage na mchicha au matembele vina madini ya chuma, kamulia ndimu juu au mpe chungwa ili mwili uyapokee vizuri. Chai ya rangi isiwe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma, mpe baadae au usimpe.

Unga wa lishe uwe makini nao. Mahindi na karanga zenye ukungu zina sumukuvu, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, Kenya nao mwaka 2004 ilipoteza watu 125 upande wa Makueni, Kitui na jirani zao. Kuchemsha hakuiondoi. Chambua kwa mkono kabla ya kusaga, punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, usimpe kuku maana kuku utamla. Karanga zilizosagwa tayari sokoni huwezi kujua zilikuwaje, nunua nzima uchambue mwenyewe.

Maji ya kuchemsha yanaua vijidudu tu, risasi na floraidi hazitoki, zinazidi kukolea maji yakipungua. Wa Arusha na Meru mnajua meno ya kahawia, huko tafuteni chanzo kingine cha maji ya kunywa kwa watoto au mvune maji ya mvua.

Hatua ya 7: Ikiwa sumu inatoka kwa mwingine

Kuna vitu deki haiwezi. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ukuta kwa ukuta na makazi ya watu maskini, kikafanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi hapo, mwanae akaumwa, vipimo vya malaria na taifodi havikuonyesha kitu, mpaka ikagundulika ni risasi. Aliwaunganisha wakazi, akakamatwa, hakuacha, 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaifuta, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ni miaka mingi, na watoto walikuwa wanakua humo humo. Ndo maana nasema hatua ya 4 usiisubirishe kesi.

Ila malalamiko pelekeni. Msiende mmoja mmoja, mwenye karakana atamnunua au kumtisha. Andikeni tarehe, saa ya moshi, upepo unaelekea wapi, nani kaumwa, pigeni picha. Barua moja yenye majina mengi kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa afisa afya wa kata, nyingine kwa mamlaka ya mazingira, yaani NEMC, au NEMA kwa Kenya, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri mtaambiwa haijafika.

Hatua ya 8: Hospitali

Risasi haina dalili yake peke yake. Mtoto anaishiwa damu, tumbo linauma, choo kigumu, hana hamu ya kula, anakuwa mzito kuelewa au mkorofi ghafla, ikizidi degedege. Daktari ataona mtoto kama mia wengine wa siku hiyo, kwahiyo usimuachie akisie. Mwambie sentensi nzima: "Baba yake anayeyusha betri uani na mtoto anatambaa hapo, naomba tujue kama anaweza kupimwa risasi kwenye damu." Kipimo hiki hakipo kila hospitali, omba rufaa kwenye hospitali ya mkoa au ya kanda. Mwongozo wa WHO wa 2021 unasema majibu yakiwa mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, chanzo kitafutwe na kuondolewa, na dawa za kutoa risasi mwilini ni za hospitali kwa viwango vya juu. Chai za kusafisha damu zinazouzwa stendi hazifanyi hiyo kazi, na nyingine zenyewe hazijulikani zina nini.

Na mmoja akikutwa nayo, wapelekeni wadogo zake wote, na watoto wa chumba cha jirani.